Laxton: Kijiji cha Uingereza Kinachoendelea Kulima kwa Ngwe

Anayesafiri kwa gari katika maeneo ya kati ya Uingereza huona nchi iliyokatwakatwa kwa nyua za miti ya miiba, kila konde likiwa limefungwa peke yake kama chumba chenye kuta nne. Mandhari hiyo imechorwa na kupigwa picha mara nyingi mno hata watu wengi, Waingereza wenyewe wakiwamo, huamini kwamba ndivyo nchi ilivyokuwa tangu zamani. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya nyua hizo ina umri wa karne mbili au tatu tu. Kabla yake vijiji vingi vya eneo hilo vililima mashamba mapana yasiyo na ua ndani yake, yaliyogawanywa katika vipande virefu na vyembamba, na kila mkulima alikuwa na vipande kadhaa, kimoja huku na kingine kule. Utaratibu huo ulifutwa karibu kila mahali. Katika kijiji cha Laxton, mkoani Nottinghamshire, kati ya kilomita 30 na 40 kaskazini-mashariki ya mji wa Nottingham, haukufutwa, na hadi leo unasimamiwa na baraza la kale ambalo hukutana kila mwaka katika baa ya kijiji.

Yako mabaki mengine ya kilimo hicho nchini humo. Huko Braunton, katika mkoa wa Devon, liko shamba kubwa ambalo bado lina vipande vya namna hiyo. Kinachoitofautisha Laxton ni kwamba ardhi na chombo cha kuisimamia vimebaki pamoja, yaani shamba lipo na walio na mamlaka ya kumtoza faini anayeliharibu wapo pia. Wageni wanaofika hupenda kuambiwa kwamba wanakijiji walikataa mabadiliko kwa kuwa walizipenda mila za wazee wao. Maelezo hayo ni matamu kuyasikia, lakini hayaendani sana na historia, kama itakavyoonekana hapa chini.

Kabla ya kwenda mbali ni vema kuondoa kosa moja linalojitokeza kila Laxton inapotajwa. Kwa kuwa mashamba haya huitwa "mashamba ya wazi" na husimamiwa kwa pamoja, msomaji aliyekulia Tanzania enzi za vijiji vya ujamaa anaweza kudhani kwamba ni shamba la kijiji, watu wakilima pamoja na kugawana mavuno. Sivyo, wala haikuwa hivyo hata katika karne za kati. Kila kipande kilikuwa na mtu wake, mtu huyo alikipanda kwa mbegu zake, na mavuno yake yalikwenda ghalani kwake. Lugha yetu inalo neno linalokitaja kitu hiki kwa usahihi: ngwe, yaani sehemu ya shamba iliyopimwa, hapo kale kwa kamba, ili mtu mmoja aishughulikie. Mashamba ya Laxton ni mkusanyiko wa ngwe za watu mbalimbali zilizolala ubavu kwa ubavu bila ua katikati.

Basi kilichokuwa cha pamoja ni nini? Hapa ndipo jambo lenyewe linapotatiza, kwa sababu juu ya kipande kimoja cha ardhi zilikaa haki za aina tatu kwa wakati mmoja. Ya kwanza ilikuwa haki ya kabaila, mwenye milki, aliyestahili kodi au kazi. Sambamba naye walikuwapo wakulima huru waliomiliki ngwe zao wenyewe. Ya pili ilikuwa haki ya mkulima ya kulima na kuvuna. Ya tatu ilikuwa haki ya wanakijiji ya kulisha mifugo juu ya shamba zima mara tu mavuno yalipokwisha kuondolewa, bila kujali nani alilima wapi. Haki hii ya tatu ndiyo iliyolazimisha mengine yote. Ikiwa kondoo na ng'ombe wa kijiji wataachiwa shambani siku fulani, basi ni lazima kila mtu awe amevuna kabla ya siku hiyo. Ili kila mtu awe amevuna, ni lazima wote wawe wamepanda zao la aina moja na kwa wakati mmoja. Na ili hilo liwezekane, ni lazima pawe na chombo kinachopanga ratiba na kuwaadhibu wanaoivunja. Ratiba ndiyo iliyokuwa mali ya wote.

Ratiba yenyewe ni ya miaka mitatu. Laxton ina mashamba makubwa matatu: West Field upande wa magharibi, South Field upande wa kusini, na Mill Field, lililopewa jina la kinu cha upepo. Zamani lilikuwapo la nne, upande wa mashariki, ambalo baadaye lilizungushiwa ua. Katika mwaka wowote ule, shamba moja hupandwa ngano kabla ya majira ya baridi, la pili hupandwa nafaka ya majira ya kuchipua kama shayiri, au jamii ya maharagwe na njegere, na la tatu hupumzishwa. Mwaka unaofuata kila shamba husogea hatua moja: lililokuwa na ngano hupokea zao la majira ya kuchipua, lililokuwa na zao hilo hupumzika, na lililopumzika hupandwa ngano. Katika zama zisizojua mbolea ya viwandani, mwaka wa mapumziko ulikuwa na kazi mbili, nazo ni kuua magugu kwa kulima ardhi tupu mara kadhaa na kuirutubisha kwa samadi ya mifugo iliyolishwa humo. Siku hizi shamba linalopumzika huachiwa majani ya malisho, nayo hukatwa na kukaushwa.

Ukubwa na umbo la ngwe havikutokana na mahesabu ya ofisini. Vilitokana na maksai. Eka ya Kiingereza kwa asili ilikuwa eneo ambalo jozi za maksai zingeweza kulima kwa siku moja, likiwa na urefu wa takriban mita 201 na upana wa takriban mita 20. Urefu huo ndio unaoitwa furlong, neno lenye maana ya urefu wa mfuo, kwa kuwa ndio umbali ambao wanyama waliweza kuvuta plau kabla ya kuhitaji kupumua. Kundi la maksai wanane waliofungwa wawiliwawili lilikuwa refu mno kugeuzwa ghafla, kwa hiyo mlimaji alianza kuwaelekeza kando kabla ya kufika mwisho wa ngwe, na baada ya vizazi vingi mipaka ikapata mkunjo mwepesi unaofanana na herufi S iliyopinduliwa. Kwa kuwa plau liligeuza udongo daima kuelekea katikati, kila ngwe ilijikusanyia tuta pana na kuacha mfuo mpakani. Matuta hayo yanaonekana hata leo katika malisho mengi ya Uingereza ya kati, mahali ambapo plau halijapita kwa karne kadhaa, na jua la jioni likilala chini huyachora kama mawimbi.

Swali ambalo limewashughulisha wanahistoria kwa muda mrefu ni kwa nini mtu mmoja awe na ngwe ishirini au thelathini zilizotawanyika badala ya kupewa eneo lake mahali pamoja. Wapo wanaosema ni kwa ajili ya haki: udongo mzuri na mbaya, mkavu na wenye maji, vyote vigawanywe sawa. Wapo wanaosema ni matokeo ya kulima kwa ushirika, kwamba wakulima walichangia maksai kwa sababu wachache walikuwa na kundi kamili, na kila siku ya kulima ilimpa mwanachama mmoja ngwe yake kwa zamu. Wengine, hasa wachumi, wanaona humo aina ya bima: mvua ya mawe, ugonjwa wa mimea au mafuriko yakipiga upande mmoja, mkulima hapotezi kila kitu. Kwa maoni yangu hoja ya ushirika inafaa kueleza jinsi utawanyiko ulivyoanza, na hoja ya bima inafaa zaidi kueleza kwa nini watu waliuvumilia kwa mamia ya miaka, ingawa uliwalazimisha kutembea kutwa kutoka ngwe hadi ngwe.

Laxton inatajwa katika Domesday, daftari la mali ya nchi lililoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya William Mshindi, kwa jina la Laxintune, ambalo wataalamu wa majina hulifasiri kuwa makazi ya watu wa mtu aliyeitwa Leaxa. Kabla ya uvamizi wa Wanormani milki ilikuwa ya mtu aliyeitwa Toki. Baada yake ikawa ya Geoffrey Alselin, mmoja wa waliogawiwa ardhi na mshindi. Katika karne iliyofuata ukoo wa de Caux ulijenga ngome ya udongo na miti kaskazini mwa kijiji, kilima kirefu kilichotengenezwa kwa mikono na kuzungukwa na handaki, na uwanja uliozungushiwa boma mbele yake. Ngome yenyewe imetoweka lakini kilima kipo, nacho huhesabiwa kuwa kilichohifadhika vizuri kuliko vyote vya aina yake katika mkoa huo. Mahali hapo palikuwa na maana wakati huo, kwa sababu wenye milki ya Laxton walikuwa pia walinzi wa kurithi wa Sherwood, msitu wa kifalme wa kuwindia unaofahamika duniani kwa hadithi za Robin Hood. Cheo hicho kilipita kwa ndoa hadi kwa ukoo wa de Everingham, ambao ulikipoteza kabla karne ya 13 haijakwisha, na tangu hapo Laxton ikarudi kuwa kijiji cha wakulima. Katika kanisa la Mtakatifu Mikaeli Malaika Mkuu zimo sanamu za makaburi ya ukoo huo, mojawapo ikiwa ya mwanamke, iliyochongwa kwa mti katika karne ya 14. Sanamu za kaburi za mti ni nadra sana. Hii ndiyo pekee ya karne za kati iliyosalia Nottinghamshire.

Tunajua mengi kuhusu sura ya Laxton ya kale kwa sababu ya tajiri mmoja aliyetaka kujua hasa alichokinunua. Sir William Courten alikuwa mfanyabiashara wa London, na fedha zake ndizo zilizowapeleka walowezi wa kwanza wa Kiingereza katika kisiwa cha Barbados mwaka 1627. Baada ya kuinunua Laxton alimwajiri mpimaji aitwaye Mark Pierce, naye mwaka 1635 akakamilisha ramani kubwa ya rangi pamoja na daftari lililoorodhesha kila ngwe, ukubwa wake na mtu aliyeishikilia. Ngwe hizo zilizidi 2,000. Pierce hakuishia kwenye mistari: alichora pia watu wakilima na kuvuna na wawindaji wakifukuza wanyama, kana kwamba alitaka mwenye mali aione kazi pamoja na ardhi. Ramani hiyo imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Ukiiweka kando ya picha ya leo iliyopigwa kutoka angani, unaona barabara ni zile zile, nyumba ziko pale pale, na mashamba matatu yana umbo ambalo Pierce angelitambua, ingawa ukubwa wake umepungua na ngwe zimeunganishwa zikawa chache na pana zaidi.

Courten hakudumu na mali hiyo. Ilipita mikononi mwa ukoo wa Pierrepont wa Thoresby, ambao kwa nyakati tofauti walikuwa na vyeo vya Earl na Duke wa Kingston, na baadaye Earl Manvers. Chini ya ukoo huo ndipo Laxton ilipoponea chupuchupu, na ili kuelewa iliponaje, ni lazima kueleza kwanza ilichoponea.

Kuzungushia ua kulimaanisha kufuta haki ya tatu niliyoitaja, ile ya malisho ya pamoja, na kubadilishana ngwe ili kila mmiliki apate eneo moja la kwake, alifunge na alitumie apendavyo. Mwanzoni jambo hilo lilifanywa kwa makubaliano au kwa mabavu. Kuanzia karne ya 18 lilifanywa zaidi kwa sheria ya Bunge, kila kijiji kikiwa na sheria yake. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria za namna hiyo zaidi ya 5,200, zikihusu takriban eka milioni 6.8, yaani zaidi kidogo ya moja ya tano ya Uingereza yote. Kodi za mashamba yaliyofungwa zilipanda, na mwenye shamba aliweza kujaribu mazao mapya na kuboresha mifugo bila kusubiri idhini ya jirani. Walioumia ni wale ambao maisha yao yalitegemea haki ndogondogo, kama mjane mwenye ng'ombe mmoja au kibarua aliyeokota kuni, kwani haki isiyoandikwa popote ilikuwa vigumu kulipwa fidia.

Kupata sheria hiyo kulihitaji gharama na mapatano. Walihitajika wanasheria, wapimaji na makamishna, kisha maili nyingi za ua na mifereji, na ilibidi wamiliki wa sehemu kubwa ya ardhi wakubaliane. Pale ambapo kijiji kizima kilikuwa cha bwana mmoja, mambo yalikwenda haraka. Laxton haikuwa hivyo. Kando ya Pierrepont alikuwapo mmiliki mwingine mkubwa, ukoo wa Savile wa Rufford uliopakana nao, na chini yao walikuwapo wakulima huru wengi wenye vipande vyao. Sehemu fulani za kijiji zilifungwa katika karne ya 18, lakini kazi haikukamilika, na katika karne ya 19 wakubwa hao wawili hawakuelewana vya kutosha kuimaliza.

Kulikuwa pia na kisa cha urithi ambacho kingeweza kutungiwa utenzi. Duke wa pili wa Kingston alifariki mwaka 1773 bila mtoto na kumwachia mkewe, Elizabeth Chudleigh, matumizi ya ardhi yake kwa muda wote wa maisha yake alimradi abaki mjane. Ndugu wa marehemu wakafukua ndoa ya awali ya mwanamke huyo, na mwaka 1776 Baraza la Malodi likamtia hatiani kwa kuolewa na waume wawili. Hata hivyo wosia haukutenguka, naye akaendelea kula matunda ya mashamba hayo akiishi zaidi nje ya nchi hadi alipofariki mwaka 1788. Miaka hiyo kumi na mitano iliangukia katikati ya kipindi ambacho majirani wa Laxton walikuwa wakizungushia ua kwa kasi, na si vigumu kuona kwamba mtu anayetumia ardhi kwa muda wa uhai wake tu, asiye na mtoto wa kumrithisha, hana haraka ya kuingia gharama ambazo faida yake itavunwa na mahasimu wake. Mrithi, mpwa wa Duke aliyeitwa Charles Meadows, alichukua jina la Pierrepont na mwaka 1806 akapewa cheo cha Earl Manvers.

Kuanzia miaka ya 1870 bei ya nafaka ilianguka kwa sababu ya ngano ya bei rahisi kutoka Amerika, na hamu ya kuwekeza katika ardhi ya kilimo ikaanguka pamoja nayo. Hapo Laxton ilikuwa imekwisha kuwa kioja. Katika mwongo wa kwanza wa karne ya 20, Earl Manvers wa wakati huo, badala ya kufuta ngwe, alizipanga upya: akaziunganisha ili ziwe pana zaidi, na kila mpangaji akabaki na sehemu katika mashamba yote matatu. Kwa hiyo anayesema kwamba Laxton haijabadilika tangu karne za kati anakosea. Imebadilika mara kadhaa, tena sana, lakini kila mara ilibadilika ndani ya utaratibu wake bila kuuvunja.

Katika karne hiyo hiyo uhai wa kijiji uligeuka kuwa suala la serikali. Mwaka 1952 Earl Manvers wa sita aliiuzia Wizara ya Kilimo milki ya Laxton kwa maelewano kwamba mashamba ya wazi yatahifadhiwa. Serikali ilipotaka kuiachia mali hiyo mwishoni mwa miaka ya 1970, kelele zilikuwa nyingi, na mwaka 1981 ikahamishiwa kwa Crown Estate, taasisi inayosimamia mali za Taji. Mwaka 2020 Crown Estate nayo iliiuza, na aliyeinunua alikuwa Thoresby Estate, yaani milki ile ile ya warithi wa Pierrepont iliyokuwa imeiuza miaka 68 kabla.

Wamiliki wakibadilika, baraza limekuwa lile lile. Huitwa Court Leet, nalo ni mojawapo ya mabaraza ya kikabaila yaliyotapakaa nchi nzima katika karne za kati. Mengi yalikufa yenyewe, na sheria ya mwaka 1977 ikayaondolea yaliyobakia mamlaka ya kuhukumu; Laxton iliachiwa kazi yake ya kusimamia mashamba. Anayeliongoza ni msimamizi anayemwakilisha mwenye milki, lakini kazi yenyewe hufanywa na wazee kumi na wawili wa baraza wakiwa na kiongozi wao, wote wakiwa watu wanaoijua ardhi hiyo kwa miguu. Yuko pia mwenye wadhifa wa kukamata mifugo inayozurura na kuifungia katika zizi la kijiji hadi mwenyewe aikomboe. Zizi bado lipo, ingawa siku hizi halina wateja wengi.

Mwishoni mwa Novemba, ngano ikiwa imekwisha kupandwa na pengine imeanza kuchipua, wazee hao hutoka kwenda kulikagua shamba hilo moja la ngano. Hupanda tela linalovutwa na trekta, wakiwa na vigingi vya mti na nyundo. Katika kila mpaka wenye mashaka hushuka, hutazama mstari kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, hujadiliana, kisha hupigilia kigingi kipya mahali ambapo mpaka unastahili kuwa. Makosa wanayoyatafuta hayajabadilika sana tangu enzi za Pierce: mtu aliyeng'ata mfuo mmoja wa jirani yake, aliyelima hadi akaingia katika njia, aliyeacha mtaro uzibe, au aliyekula sehemu ya nyasi za wote. Kwa kuwa wazee wenyewe ni wakulima wa mashamba hayo hayo, hutokea ngwe inayokaguliwa ikawa ya mmoja wao aliyesimama pale pale na buti zake zimejaa tope. Baadaye hurudi baani, Dovecote Inn, kula na kukubaliana viwango vya faini.

Wiki moja baadaye baraza hukaa rasmi hapo hapo Dovecote. Majina husomwa, taarifa ya wazee hupokelewa, faini hutangazwa, na wazee wapya huapishwa kwa ajili ya mwaka unaofuata. Faini ni za pauni chache tu, kiasi kisichomuumiza mtu yeyote mwenye trekta. Nadhani kinachouma ni kutajwa mbele ya majirani ambao utakutana nao kesho asubuhi, na ambao mwakani huenda ndio watakaokagua. Mwanasheria angeweza kuuliza kwa nini mipaka isipimwe kwa setilaiti mara moja na jambo likaisha. Mipaka ingepimika, lakini ushuru wa kuonana ana kwa ana usingekusanyika.

Sura ya kijiji yenyewe inaeleweka ukishaelewa mashamba. Kwingineko nchini, baada ya kuzungushia ua, wakulima wengi walihamia katikati ya makonde yao mapya, ndiyo maana nyumba za wakulima zimetawanyika upweke. Laxton, kwa kuwa ngwe za kila mtu ziko pande zote, hakuna mahali pa kuhamia palipo bora kuliko kijijini, na hivyo nyumba za wakulima, nyingi za matofali mekundu, zimepangwa kando ya barabara pamoja na ghala na mazizi yake, kila moja ikiwa na kiwanja kirefu nyuma. Mtu anaweza kukutana na trekta likitoka uani moja kwa moja hadi barabara kuu ya kijiji, jambo ambalo mtalii huliona la kupendeza na dereva mwenye haraka huliona vingine.

Kati ya mashamba, katika mabonde madogo yenye maji au miteremko isiyolimika, zimebaki kanda za nyasi ambazo wenyeji huziita sykes. Kwa kuwa hazijawahi kulimwa wala kumwagiwa kemikali, zina maua ya porini na mimea ambayo imetoweka sehemu nyingi za nchi, na zimepewa ulinzi wa kisheria kama eneo lenye umuhimu wa kisayansi. Nyasi zake ni za wote, kwa hiyo kila kiangazi hupigwa mnada miongoni mwa wanakijiji, na anayeshinda hukata na kukausha. Hapa uhifadhi wa mazingira umepatikana bila mtu kuupanga: wazee waliomtoza faini aliyelima nyasi za wote walikuwa wakilinda malisho, na pamoja na malisho wakalinda maua.

Jina la kijiji limesafiri mbali kuliko watu wake. Zamani liliandikwa pia Lexington, na kutoka hapo lilipatikana jina la heshima la Lord Lexinton; wapo wanaoamini kwamba mji wa Lexington katika jimbo la Massachusetts, ambako vita vya uhuru wa Marekani vilianza mwaka 1775, ulipata jina lake kwa njia hiyo. Uhusiano wa hakika zaidi, na wa karibu nasi, ni mwingine. Mwaka 1995 familia ya Smith ilifungua kando ya Laxton kituo cha kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi wa Ulaya, ambacho leo ni makumbusho ya taifa ya jambo hilo. Kutokana na kazi yao ndugu wawili wa familia hiyo walianzisha shirika la Aegis Trust, na shirika hilo ndilo lililoshirikiana na jiji la Kigali kujenga ukumbusho wa mauaji ya kimbari wa Gisozi, uliofunguliwa Aprili 2004, miaka kumi baada ya mauaji, mahali walipozikwa zaidi ya watu 250,000. Hilo halikutokana na mashamba wala Court Leet, na nisingependa kulilazimisha liungane navyo. Lakini msomaji wa Rwanda aliyepita Gisozi amekwisha kugusa uzi ambao mwisho wake mwingine umefungwa katika kijiji hiki kidogo.

Je, Laxton ni makumbusho? Wakulima wake hawapendi neno hilo, na wana haki. Ngano yao huuzwa katika soko lile lile kama ya wengine, na mbegu, dawa na mashine zao ni za leo. Wana pia mashamba yaliyofungwa nje ya yale matatu, kwa kuwa ngwe peke yake hazimtoshi mtu kuishi. Ni kweli vilevile kwamba ngwe ni usumbufu kwa mashine kubwa, zinazopoteza muda kugeuka na kuhama, na kwamba mfumo umedumu tangu 1952 kwa sababu kila mmiliki alikubali kuulinda hata pale ambapo hesabu za faida zingeshauri vingine. Kwa hiyo kuna mkono wa uhifadhi hapo, lakini umeishikilia kazi inayofanyika kweli, ambayo kosa lake huonekana kwenye mavuno.

Wazee wanaoapishwa Desemba hawaapi kwa ajili ya ngano iliyokwisha kukaguliwa. Wanaapa kwa ajili ya shamba litakalopandwa ngano mwaka ujao, ambalo wakati huo lina mabua ya zao la majira ya kuchipua lililovunwa, na ambalo kwanza litapumzika kiangazi kizima kabla ya plau na mbegu kuingia. Vigingi walivyopigilia wenzao miaka miwili nyuma, kama havijaoza au kung'olewa na plau, bado vimo humo.